Mchungaji anaijua namba ya bahasha yako kuliko jina lako: makanisa yetu Dar yahuishwe kwa kuanzia wapi?

#1 MwanaKimara
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila kurushiana madongo ya madhehebu.

Baba yangu mdogo alilazwa muda mrefu mwaka huu. Ni msharika wa siku nyingi, ahadi zake za sadaka hulipa kwa bahasha yenye namba yake, ibada ya kwanza hakosi. Hakuna mzee wa kanisa wala mtumishi aliyefika wodini. Karudi nyumbani, hata kutembea bado anashika ukuta, simu ikaita mlio wa ujumbe: "Ndugu mwenye bahasha namba fulani, unakumbushwa kukamilisha ahadi yako ya jengo." Akasoma, akanipa na mimi nisome, kisha akaomba nimsaidie kugeukia upande wa pili.

Usharika siutaji, na mchungaji wetu simsemi vibaya. Akihubiri, Neno linakuingia. Hoja yangu ni kwamba kila mwaka tunatangaziwa kulihuisha kanisa: semina, mkesha, wiki ya uamsho, mhubiri mgeni, spika mpya, projekta. Ikiisha, tunarudi palepale. Mimi naamini kanisa linahuishwa pale mchungaji anapowajua watu wake kwa majina na kwa shida zao, na wao wanapomjua yeye. Yohana 10 inasema hivyo waziwazi, kondoo wanaitwa kwa majina.

Je, kwa Dar hii ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3, hilo linawezekana? Na kama haliwezekani, tunafanyaje?

#2 Mbezi Mwisho
Pole kwa mzee, mkuu. Lakini piga hesabu kwanza. Chukua usharika wa kaya 600, na hapo sijataja mikubwa. Mchungaji akitembelea kaya mbili kila siku ya kazi, ni kaya 10 kwa wiki. Anahitaji wiki 60 kumaliza mzunguko mmoja, na katika wiki hizo asizike mtu, asifungishe ndoa, asikae kikao hata kimoja. Halafu aende Kibamba jioni na foleni ya Morogoro Road unayoijua wewe mwenyewe. Tatizo ni ukubwa. Zipandwe sharika ndogo ndogo nyingi, basi.

#3 Salome_Alto
Ukubwa siyo jibu. Nimesali mtaa mmoja huko Kigamboni ndani, watu hatufiki mia. Mchungaji alikuwa anakuja kwa ajili ya Chakula cha Bwana, akimaliza anawahi mtaa mwingine kabla hata mnada haujaisha. Aliyetujua ni mwinjilisti. Yeye ndiye alikuwa anajua nani kafukuzwa kazi, mtoto wa nani amegoma shule. Na kwenye orodha ya mishahara yeye ndiye wa mwisho.

#4 KatekistaMstaafu
Tumsifu Yesu Kristo.
Ndugu zetu Walutheri, hili sisi Wakatoliki tulilitatua zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulileta Jumuiya Ndogo Ndogo. Kaya kadhaa za jirani zinakutana Jumamosi alfajiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nani anaumwa, nani kajifungua, nani kasafiri, kabla ya saa moja kila mtu anajua. Padri hahitaji kufika kila nyumba, jumuiya imeshafika.

#5 MpendaHistoria
Milele amina, na shikamoo mzee wangu. Rekebisho dogo. Mtaguso (1962 hadi 1965) uliandaa njia, lakini Jumuiya Ndogo Ndogo ni uamuzi wa maaskofu wetu wa Afrika Mashariki wenyewe, kupitia umoja wao wa AMECEA, kwenye mikutano ya 1973 na 1976. Ni wazo lililoiva hapa kwetu, tusiwape wengine sifa.

Na kwa @Mbezi Mwisho, hesabu yako kuna mtu aliifanya kwa vitendo. Karne ya 17, Kidderminster kule Uingereza, mchungaji Richard Baxter alikuwa na kaya zipatazo 800. Yeye na msaidizi wake walitenga siku mbili za kila wiki, wakapokea kaya 14 kwa wiki, kila kaya na saa yake. Piga hesabu tena.

#6 Mbezi Mwisho
Kwa hiyo kwa mwaka kaya mia saba na kitu. Sawa, nakubali. Ila Baxter hakuwa na kamati ya jengo.

#7 NaombaNiulize
Mzee katekista, kwa heshima zote, jumuiya unayoieleza naijua, na jumuiya ninayoishi naijua pia. Jirani yangu alifiwa na mama aliyekuja Dar kutibiwa. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, maiti iko mochwari, tunasubiri kiongozi. Neno la kwanza kutoka mlangoni: "Marehemu alikuwa jumuiya gani?" Pole ikaja baadaye. Likafunguliwa daftari, akatafutwa binti wa marehemu, mahudhurio yake yakasomwa mbele ya waombolezaji. Mazishi yalifanyika, lakini yule dada hajarudi kanisani.

Ukitaka kubatiza mtoto, barua ya jumuiya. Ukitaka ndoa, barua ya jumuiya. Kitu kilicholetwa ili tujuane kimekuwa geti.

#8 KatekistaMstaafu
Mwanangu, hilo limeniuma na silitetei. Kiongozi anayefungua daftari msibani kabla ya kutoa pole hajafundwa. Lakini barua ina sababu. Dar mtu anahama leo Mwananyamala, kesho Chanika. Bila barua, paroko anafungisha ndoa mtu mwenye mke wa ndoa Songea. Nimeshuhudia tangazo la ndoa likipingwa tukiwa tumebakiza siku chache. Usiitupe barua kwa sababu ya mwandishi mbaya.

Na kuhusu mapadri: hatuwezi kuwalaumu sana, wanahamishwa kila baada ya muda. Sheria ya Kanisa ndivyo inavyotaka.

#9 MpendaHistoria
Mzee nisamehe tena. Kanuni ya 522 inasema kinyume: paroko awe na uthabiti mahali pake, ateuliwe kwa muda usio na ukomo. Uteuzi wa muda maalumu unaruhusiwa pale tu Baraza la Maaskofu linapotoa idhini. Na kanuni ya 529 inamtaka ajitahidi kuwafahamu waamini aliokabidhiwa, kwa hiyo azitembelee familia, ashiriki mahangaiko yao na hasa misiba yao, awatafute maskini, wapweke na walio mbali na kwao. Anachokidai MwanaKimara kwa Wakatoliki kimeandikwa kabisa kwenye sheria tangu 1983.

#10 Salome_Alto
Mpenda Historia leo unamkosoa mzee mara mbili kwenye uzi mmoja, ukikutana naye Msimbazi Center utamnunulia chai 😂

#11 KatekistaMstaafu
Chai na chapati mbili. Kijana endelea, nafaidika.

#12 BintiWaNyumbaYaMchungaji
Nimesoma tangu mwanzo, niruhusuni niongee kwa upande ambao haujatajwa.

Nimelelewa kwenye nyumba za kanisa. Baba ni mchungaji, sasa amestaafu. Mnauliza kwa nini mchungaji hawajui watu. Mimi nauliza nani anamjua mchungaji. Kwetu simu ililia usiku wa manane kwa msiba, alfajiri kwa ugomvi wa mume na mke, mchana kwa mtu anaomba nauli. Baba alikwenda kote. Alizijua ndoa za watu nje ndani, ila hakukuwa na mtu mmoja usharikani ambaye baba angeweza kumwambia, "Leo nimechoka, sina la kuhubiri." Alipoanza kazi alionywa na wakubwa zake: usiwe na rafiki usharikani. Ukiwa na rafiki mmoja, waliobaki watasema una watu wako. Kwa hiyo aliishi katikati ya watu elfu bila rafiki. Mama naye vivyo hivyo. Mama mchungaji akicheka sana sokoni ni neno, akinyamaza ni neno.

Nakumbuka tuliwahi kuishi mahali ambapo jirani, fundi seremala, wala hakuwa msharika wetu, alikuwa anakuja jioni wanacheza bao na baba nyuma ya nyumba. Walikuwa hawaongei dini kabisa. Kile kipindi ndicho baba alihubiri vizuri kuliko wakati wowote, hata mama anasema hivyo. Wazee wa kanisa wakaja kulalamika kwamba mchungaji anacheza bao na mtu wa nje. Akaacha. Mwaka uliofuata presha ikaanza.

Sisemi bao lingezuia presha. Nasema huwezi kumdai mtu uhusiano wa karibu na watu mia sita wakati umemkataza hata mmoja.

#13 MwanaKimara
Dada, ahsante sana. Hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo na nadhani ndilo zito kuliko yote.

#14 Mtumishi_wa_Temeke
Mimi ni mchungaji, dhehebu na mahali niacheni nibaki navyo. Alichosema Binti hapo #12 ni kweli tupu.

Lakini onyo la wale wazee wa zamani lina msingi, tusilidharau. Nimeona kanisa likigawanyika kwa sababu mchungaji alikuwa na familia moja anayokula kwao kila Jumapili. Baba wa familia ile akawa mwekahazina, mtoto akapata nafasi ya masomo kupitia kanisa, hata jambo la haki likaonekana upendeleo. Kwa upande wa pili, Bwana wetu alikuwa na wale kumi na wawili, na ndani yao Petro, Yakobo na Yohana, na alikuwa na nyumba Bethania ambako alipumzika kwa Lazaro na dada zake. Kwa hiyo urafiki wenyewe si kosa. Mpaka uwekwe wapi, miaka yote hii ya utumishi sijapata jibu. Mimi rafiki zangu ni wachungaji wawili wa madhehebu mengine. Tunakutana kwenye mgahawa mbali na maeneo yetu, tunaombeana, tunaambiana ukweli. Bila hao ningekuwa nimeshaacha kazi.

Jambo jingine. Hapo #1 umesema wao wamjue yeye. Mnataka kunijua kiasi gani? Nikisimama madhabahuni nikasema ndoa yangu imepita kipindi kigumu, Jumatatu itakuwa kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Mtoni Kijichi hadi Bunju.

#15 MjukuuWaMwamsho
Mtumishi, bibi yangu wa Karagwe alikuwa mtu wa Uamsho, na wao hilo walilifanya. Ule uamsho ulioanzia Bukoba miaka ya 1930 watu walikuwa wanakutana na kuungama wazi, mchungaji kwa muumini, mwafrika kwa mmisionari. Waliita kutembea nuruni. Hakuna aliyekuwa mkubwa. Kanisa lilihuishwa kwa sababu watu waliacha kuogopana.

#16 MpendaHistoria
Kuanzia, ulianzia Gahini, Rwanda, ukachangiwa sana na urafiki wa watu wawili: daktari mmisionari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, waliokutana Kampala 1929. Ukaingia Uganda, ukavuka na kufika kwetu upande wa Kagera. Lakini hoja yako inazidi kupata nguvu: mzungu na mwafrika, wakati wa ukoloni, walikaa wakasoma Biblia na kuomba kama ndugu. Harakati iliyotikisa nchi kadhaa ilikuwa na urafiki kwenye mizizi yake.

#17 NaombaNiulize
Na kuungama hadharani kulivunja nyumba pia, tuseme yote. Mama yangu amekulia kwenye hayo. Mtu anaungama uzinzi mbele ya mkutano, anapata amani yake, mume wa yule mwanamke amekaa benchi la nyuma.

#18 MjukuuWaMwamsho
Kweli yalitokea. Bibi mwenyewe alisema baadaye wandugu walijifunza mambo mengine yaishie kwa mtu mmoja.

#19 DadaWaSinza
Nimekuwa nasoma kimya, ila hapo kwenye siri naomba niseme. Nilimwendea mtumishi mmoja na jambo la nyumbani kwangu, nililia mbele yake. Baada ya Jumapili chache akatoa mfano kwenye mahubiri: "Kuna dada mmoja, mumewe anafanya kazi bandarini, wana watoto wawili wa kike…" Jina hakulitaja. Hakuhitaji kulitaja. Wanawake wa benchi langu waligeuza shingo mmoja mmoja. Nilikaa mpaka baraka, nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Kwa hiyo MwanaKimara, wewe unaomba mchungaji akujue. Wapo tunaoomba asitujue zaidi ya salamu. Kwenye kanisa kubwa nisikojulikana nimepata nafuu, naabudu, natoa sadaka, narudi Sinza. Nisihukumiwe kwa hilo.

#20 MwanaKimara
Pole sana dada. Hakuna wa kukuhukumu hapa.

#21 Mtumishi_wa_Temeke
Dada wa Sinza, kwa niaba yetu sisi wenye kazi hii, samahani. Mtu aliyekuja kulia kwako si mfano wa mahubiri, hata ukibadilisha mji na kazi ya mumewe, hata apite muda gani. Kijana anayeingia uchungaji alitakiwa aambiwe hivyo siku ya kwanza.

#22 TAG_Damu
Kwetu tuna makundi ya nyumbani na yanafanya kazi. Nitoe historia kidogo, Mpenda Historia atanikagua. Mchungaji David Yonggi Cho wa Seoul alizidiwa na kazi hadi akaanguka, ilikuwa 1964. Hakuweza tena kubeba kanisa peke yake, akaligawa kwa vikundi vya majumbani. Wanaume walisita kuongoza, akawapa wanawake. Kanisa lile likaja kuhesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Mchungaji hakumjua kila mtu, ila kila mtu alikuwa na mtu anayemjua. Yethro alishamwambia Musa kwenye Kutoka 18, weka wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Sisi tunataka Musa tu.

#23 MpendaHistoria
Nimekagua, umepita 😀. Nami niongeze moja linalogusa bahasha ya #1. Bristol, mwaka 1742, jamii ya Wamethodisti ya John Wesley ilikuwa na deni la jengo. Ikaamuliwa kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na watu wagawanywe kumi na mbili kumi na mbili, kila kundi na mkusanyaji wake. Wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba, wakaanza kuona mambo: huyu mlevi, huyu anagombana na mkewe, huyu hana chakula. Wesley akashtuka, akasema hiki ndicho tulichokuwa tunakihitaji. Makundi ya deni yakageuka kuwa makundi ya malezi.

Kwa hiyo bahasha si adui. Kule Bristol bahasha ndiyo iliyomfikisha mtu mlangoni. Sisi tumeituma kwenye simu.

#24 Salome_Alto
Hapo umenigusa. Mzee wa kanisa arudi kupita nyumba kwa nyumba, akae, anywe chai, aulize hali, ahadi iwe ya mwisho.

#25 FundiUmeme_Gongo la Mboto
Samahani, mimi hapana. Mwezi ambao sina kitu, nikimwona mtu wa ahadi getini namwambia mtoto aseme baba hayupo. Wenye shida kubwa ndio wenye madeni makubwa kanisani. Ukiunganisha kutembelewa na kudaiwa, maskini ndiye atakayejificha wa kwanza. Anayekusanya awe mwingine, anayetembelea awe mwingine.

#26 Mbezi Mwisho
Na waumini wenyewe? Tuna geti, kamera, mbwa. Tunaishi Goba tunasali Posta kwa sababu ndoa zetu zilifungwa kule. Mzee wa kanisa wa Posta atanifikiaje Goba? Na wa Goba hanifahamu. Tukiumwa tunalalamika hawakuja, na hatukumwambia mtu.

#27 MwanaKimara
Kwa baba mdogo taarifa ilipelekwa ofisini. Ila kwa wengi unasema kweli.

#28 Mwinjilisti_Pembezoni
Nawasalimu katika jina la Yesu. Salome hapo #3 amewataja wainjilisti, nikaona nichangie.

Niko mtaa wa pembezoni, upande wa Chanika. Kanisa letu ni banda la mabati, kwa hiyo usidhani nina vitendea kazi. Nina daftari moja gumu la kaunta. Kila kaya ina ukurasa wake. Naandika majina ya wote wanaolala pale, hata mdada wa kazi, hata mpangaji Mwislamu, kwa sababu nikiingia ndani nasalimia wote. Chini naandika jambo moja la kufuatilia: "Mtihani wa darasa la saba, Septemba." "Bibi, kliniki Jumanne." "Anatafuta kazi ya ulinzi." Alhamisi jioni akina mama wanatoka wawili wawili, kila jozi na kaya zake, Jumapili baada ya ibada wananiambia nibadilishe nini. Bibi akienda kliniki Jumanne, Jumatano kuna mtu anamuuliza daktari alisemaje. Ni hilo tu.

Tulipoanza watu walikuwa wachache mno. Sasa watoto wanakaa chini kwa kukosa mabenchi. Mkuu wa jimbo alipokuja akauliza ni semina gani tulifanya.

Luther mwenyewe kwenye Makala za Smalcald, tamko lake la imani la 1537, akitaja njia ambazo Injili inatufikia, baada ya mahubiri, ubatizo, Chakula cha Bwana na funguo (mamlaka ya kusamehe dhambi), anaweka mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Anayaweka mstari mmoja na sakramenti. Sisi tunayaita "ugeni".

#29 KatekistaMstaafu
Mwinjilisti, Mungu akubariki. Hiyo ni jumuiya bila geti.

#30 DadaWaSinza
Mwinjilisti, nauliza kwa nia njema. Hilo daftari analisoma nani? Limelazwa wapi?

#31 Mwinjilisti_Pembezoni
Dada, swali la haki. Liko sandukuni kwangu na funguo ninayo mimi. Ugonjwa naandika siku ya kliniki, jina la ugonjwa siandiki. Mambo ya ndoa siandiki kabisa, hata kifupi. Mtu akiniambia neno la siri naomba naye palepale, kwenye daftari halifiki. Akina mama wanajua kaya zao tu, kurasa nyingine hawazioni.

#32 Mbezi Mwisho
Na ukihamishwa? Kila mwaka tunaona orodha ya uhamisho. Likienda na wewe, mtaa umerudi sifuri. Likibaki, anayekuja unamjua ni wa namna gani?

#33 Mwinjilisti_Pembezoni
Hilo ndilo tunabishana na baraza la wazee hadi sasa. Mimi nataka libaki mtaani, akabidhiwe anayenifuata mbele ya mashahidi, kama vile vitabu vya ubatizo. Wazee wawili wanataka lichomwe siku nikiondoka, wanasema watu walimwamini mtu, hawakuiamini ofisi. Akina mama wa Alhamisi wana wazo la tatu: kila kaya ipewe ukurasa wake, na anayekuja aanze upya kwa kubisha hodi.

#34 DadaWaSinza
Mimi niko na hao akina mama.